Uvimbe wa Maji kwenye Ngozi ya Mbwa: Si Kila Uvimbe Kansa, Wala Si Kila Maji Salama



Mada ya leo si ya siasa wala ya katiba, kwa hiyo wenye presha wanaweza kusoma bila wasiwasi. Ni habari ya ngozi ya mbwa. Najua wapo watakaouliza, "Sasa sisi na mbwa wapi na wapi?" Jamani, tusidanganyane. Wengi wetu tulioko ughaibuni tumejikuta na mbwa ndani ya nyumba, ama kwa kushinikizwa na watoto, ama kwa upweke wa miezi ya baridi. Na kule nyumbani, Arusha mpaka Nairobi, mbwa wa ulinzi analala nje ya milango ya watu wengi. Huku na kule, iko siku utampapasa mnyama wako na mkono utakutana na kivimbe ambacho jana hukukiona.

Hapo ndipo maamuzi yanapofanywa haraka haraka. Mmoja anasema, "Ni jipu hilo, kamua." Mwingine anasema, "Ni kansa, apigwe sindano apumzike." Mimi kazi yangu ni patholojia ya wanyama, yaani kutazama vipande vya mwili kwenye hadubini na kusema ni nini, na naona matokeo ya maamuzi ya aina zote mbili. Kwa hiyo naomba nieleze aina moja ya uvimbe ambayo ni adimu, haina madhara makubwa, lakini inawachanganya hata madaktari: vifuko vya majimaji vitokanavyo na tezi za ngozi. Hoja yangu ni moja tu. Kwa macho huwezi kuvitambua kwa uhakika, kwa sindano unaweza nusu ya njia, na hukumu ya mwisho iko kwenye hadubini. Atakayejua kila hatua inajibu swali gani atamwokoa mnyama, na ataokoa fedha zake pia.

1. TUANZE NA NENO LENYEWE

Kiswahili chetu kinatutega hapa. Neno TEZI linabeba maana mbili zinazogongana: kwanza, kiungo cha mwili kinachotengeneza na kutoa majimaji, kama tezi ya mate, pili, uvimbe unaoota mahali usipotakiwa. (Watu wa pwani wataongeza ya tatu, tezi ya chombo, lakini hiyo tuwaachie mabaharia kwa sasa.) Mtu akisema "mbwa wangu ana tezi", ukweli ni kwamba kila mbwa anazo, tena maelfu kwa maelfu. Swali ni kama mojawapo imeharibika, na imeharibika vipi.

Basi humu nitatumia maneno hivi. TEZI ni kile kiungo cha kawaida. UVIMBE ni kitu chochote kilichotuna, bila kujali asili yake. KIFUKO ni uvimbe wenye ukuta wake, na ukuta huo kwa ndani umetandikwa seli, na katikati yake mna maji au uji mzito. JIPU ni mkusanyiko wa usaha. Hilo halina utando wa seli wa namna hiyo. Tofauti hii si ya wanasarufi tu. Kinachofanya kifuko kiwe kifuko ni ule ukuta, si yale maji. Ukitoa maji ukaacha ukuta, seli zitaendelea na kazi yake na maji yatarudi.

2. TEZI ZA NGOZI YA MBWA NA VIFUKO VYAKE

Ngozi ya mbwa ina tezi za aina mbili kubwa. Ziko tezi za mafuta, zinazolainisha nywele na ngozi. Halafu ziko tezi za jasho za aina iitwayo apokrini, ambazo huandamana na mashina ya nywele karibu mwili mzima. Msije mkadhani mbwa anatoka jasho kama sisi. Yeye hupoza mwili kwa kuhema na kutoa ulimi. Tezi za jasho zinazofanana na zetu, zile za ekrini, kwake ziko kwenye nyayo. Sehemu nyingine tezi za apokrini zimebadilika kidogo kikazi: kwenye kingo za kope, ndani ya tundu la sikio ambako hushiriki kutengeneza nta, na kwenye vifuko vya kando ya njia ya haja kubwa.

Inaaminika kwamba mrija wa tezi ukiziba, majimaji hukosa pa kutokea, na tezi hutuna kama puto. Hicho ndicho kifuko cha apokrini. Kwa kawaida hutokea kimoja tu, kwa mbwa mwenye umri wa kati au mzee, mara nyingi kichwani au shingoni. Huwa cha duara, kuanzia milimita chache hadi sentimita chache, nywele juu yake zimepungua na ngozi imekuwa nyembamba. Kwa kuwa ngozi ni nyembamba na ndani kuna maji, kifuko huonekana na RANGI YA BULUU au kijivu, na hiyo rangi ndiyo inayowatia watu hofu. Maji yake aghalabu ni maangavu, au ya manjano hafifu, au ya kahawia. Kuna pia namna nyingine ya nadra zaidi, ambapo vifuko vidogo vingi huota kwa kutapakaa badala ya kimoja kikubwa.

Upande wa tezi za mafuta kuna kisa cha jina. Kwa miaka mingi kliniki nyingi zimekuwa zikiandika "kifuko cha tezi ya mafuta" kila zinapokuta uvimbe wenye uji mweupe au wa kijivu kama jibini. Kumbe karibu vyote hivyo si vya tezi ya mafuta hata kidogo. Ni vifuko vya SHINA LA NYWELE, na ule uji ni keratini, yaani magamba ya ngozi iliyokufa. Kifuko cha kweli cha mrija wa tezi ya mafuta kipo, lakini ni adimu. Kwa hiyo ukiona jina hilo kwenye karatasi ya mbwa wako, na hakuna kipande kilichopelekwa maabara, basi jua hilo ni jina la mazoea.

3. VINAVYOFANANA NAVYO

Sasa tuje kwenye utata wenyewe. Orodha hii si ya kutisha watu, ni ya kueleza kwa nini daktari makini hasemi "ni kifuko tu" kwa kutazama peke yake.

(a) Uvimbe wa seli masti. Hizi ni seli za kinga zilizobeba histamini, na kansa yake ni miongoni mwa zile zinazotokea sana kwenye ngozi ya mbwa. Unaweza kuwa laini, unaweza kuvimba leo na kunywea kesho kufuatana na histamini inavyotoka. Mwenye mbwa akisema "kinapungua chenyewe, Daktari", mimi ndipo ninapokaa vizuri kwenye kiti. Kupungua si dalili ya usalama.

(b) Uvimbe wa mishipa ya damu. Huu nao una rangi ya buluu au zambarau. Upo usio kansa na upo ulio kansa. Mbwa wenye nywele fupi za rangi nyeupe wanaopenda kulala chali juani huweza kuupata tumboni.

(c) Melanoma, uvimbe wa seli za rangi ya ngozi. Mweusi au wa buluu iliyokolea. Ukiwa mdogo unaweza kumdanganya mtu.

(d) Uvimbe mgumu uliotoboka maji ndani. Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Uvimbe wa tezi zile zile za apokrini, uwe wa salama au wa kansa, unaweza kutengeneza mashimo yenye maji. Kwa nje ni pacha wa kifuko.

(e) Mate yaliyopotea njia. Mrija wa tezi ya mate ukipasuka, mate hujikusanya chini ya ngozi ya shingo au taya. Huwa laini na hakuumi. Ukivuta kwa sindano unapata ute unaovutika kama asali, mara nyingine wenye damu kidogo.

(f) Tundu la kuzaliwa la mgongoni. Hili linatuhusu Waafrika, manake mbwa anayejulikana nalo zaidi ni wa kwetu: Rhodesian Ridgeback, yule mwenye mstari wa nywele zilizoelekea kinyume mgongoni. Viwango vya mbwa hawa viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na mstari ule wameurithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba kujirudia kwa kipande cha jeni kinacholeta mstari huo ndiko pia kunakomweka mbwa kwenye hatari ya tundu hili. Kwa juu utaona kitundu chenye nywele au kivimbe katikati ya mgongo au shingo. Ndani, njia yake inaweza kushuka hadi kwenye utando wa uti wa mgongo. Ndugu yangu, uvimbe ulio kwenye mstari wa katikati ya mgongo USIKAMULIWE na usichokonolewe mpaka upigwe picha, kwa sababu uchafu ukisukumwa ndani unaweza kufika kwenye mishipa ya fahamu.

4. HATUA ZA UCHUNGUZI, NA KILA MOJA INAJIBU NINI

Hatua ya kwanza: historia na mkono. Kilianza lini? Kimekua kwa kasi gani? Kinabadilika ukubwa? Kiko kwenye ngozi yenyewe au chini yake? Kinasogea au kimeshikamana na misuli? Pima kwa rula, piga picha, andika tarehe. Mwanga wa tochi ukiwekwa upande mmoja wa kifuko chenye maji maangavu huweza kupenya, lakini hiyo ni dokezo tu. Hatua hii inajibu swali la HARAKA: je, tungoje au tuende sasa? Kanuni rahisi inayofundishwa Marekani ni kwamba uvimbe unaofikia ukubwa wa punje ya njegere, kama sentimita 1, au uliokaa mwezi 1, utiwe sindano.

Hatua ya pili: sindano nyembamba. Hutumika sindano ya namba 22 hadi 25, aghalabu bila hata ganzi, na mbwa wengi hawashtuki. Kinachovutwa hutandazwa kwenye kipande cha kioo, hupakwa rangi, hutazamwa kwenye hadubini. Kifuko cha apokrini kitatoa maji yenye seli chache mno, na hizo chache ni zile za usafi, makrofaji, zilizojaa povu tumboni. Kifuko cha shina la nywele kitatoa magamba yasiyo na kiini, na mara nyingine fuwele za kolesteroli zenye pembe kama vioo vilivyovunjika. Seli masti nazo hujitambulisha kwa chembe chembe za zambarau. Hapa nitoe tahadhari kwa wenzangu wa fani: rangi za haraka haraka zinazotumika kliniki, kama Diff-Quik, wakati mwingine hushindwa kuzipaka chembe hizo, kwa hiyo usifute jina la seli masti kwa kioo kimoja.

Sindano basi inajibu swali la KUNDI: ni maji, ni keratini, ni usaha, ni mate, ni damu, au ni seli za kansa? Kitu isichoweza kujibu ni kama ukuta wa kifuko ni salama. Maji uliyovuta yametoka katikati, na ugonjwa kama upo uko ukutani. Kwa hiyo majibu yakisema "maji, seli chache", maana yake si "hakuna kansa". Maana yake ni "hatujaona ukuta". Ushauri mmoja wa bure: baada ya kuvuta maji, mwombe daktari apapase tena. Kama kuna sehemu ngumu iliyobaki, itiwe sindano ya pili pale pale.

Hatua ya tatu: kuutoa wote na kuutuma maabara. Kifuko hukatwa chote kizima na ukuta wake, bila kupasuliwa, kisha hutiwa kwenye fomalini ya asilimia 10, fomalini iwe mara 10 ya ukubwa wa kipande. Kikiwekwa kikubwa kwenye kichupa kidogo, kitaoza kabla dawa haijaingia, na sisi tunapokea uji badala ya jibu. Maabara tunakikata tabaka jembamba, tunapaka rangi, tunatazama UKUTA. Kifuko cha apokrini kina safu moja au mbili za seli zilizopangwa vizuri kama matofali, na vichwa vya seli hizo hukatika na kumwagikia ndani. Hiyo ndiyo namna ya tezi ya apokrini ya kutoa majimaji yake. Tukiona vidole vya seli vimeota kuelekea ndani, tunafikiria uvimbe wa tezi ulio salama. Tukiona seli zimevuruga mpangilio, zinagawanyika ovyo na kutoboa kwenda kwenye nyama ya jirani, hiyo ni kansa. Pia tunatazama kingo za kipande kuona kama kimetoka chote. Hatua hii ndiyo inayojibu swali la HUKUMU.

5. MBWA WAWILI

Nitoe mfano. Mzee mmoja wa kwetu, anayeishi peke yake huku, alinipigia simu juu ya mbwa wake jike wa miaka 10. Kivimbe cha buluu, kama zabibu, karibu na kona ya jicho. Jirani alikwisha mwambia ni kansa na kwamba kumwacha mnyama hivyo ni ukatili. Mzee akaniambia, "Mwanangu, nitafutie tu mahali amalizwe bila maumivu. Sitaki ateseke." Nikamjibu, "Mzee, tusubiri kwanza. Hata mshtakiwa husomewa mashtaka." Alipopelekwa kliniki, sindano ikatoa maji maangavu na kivimbe kikanywea pale pale. Mzee akashangilia. Wiki ya tatu kikarudi. Mara hii aliona hakika ni kansa, ndiyo maana imerudi! Nikamweleza habari ya ukuta kama nilivyowaeleza hapa. Kikakatwa, kikatumwa maabara, jibu likawa kifuko cha apokrini, kimetoka chote. Mbwa aliishi miaka mingine kadhaa na akafa kwa uzee.

Mwaka huo huo nilipokea kipande cha mbwa mwingine, ambaye mwenyewe simfahamu. Umri ule ule takriban, uvimbe wa maji shingoni. Karatasi iliyoambatana nacho ilieleza kwamba ulikuwa umevutwa maji mara tatu katika muda wa karibu mwaka mzima, na kila mara yalikuwa maangavu, hivyo hakuna aliyeona haja ya kuukata. Ukuta wake ulikuwa na kansa ya tezi ya apokrini, na kwenye kingo za kipande seli zilikuwa bado zipo. Sikuletewa habari ya mwisho wake.

Kwa nje ukinipa mbwa wale wawili, nisingeweza kukwambia yupi ni yupi. Maji yao yalikuwa ya aina moja.

6. BASI TUFANYE NINI?

- USIKAMUE. Kifuko cha keratini kikipasukia ndani ya ngozi, mwili huiona ile keratini kama mwiba uliochomwa kutoka nje na kuishambulia. Unaanza na kivimbe kisichouma, unamaliza na kidonda.

- Kifuko kidogo kilichokwisha chunguzwa kwa sindano, hakikui, hakimsumbui mbwa, kinaweza kuachwa kwa makubaliano na daktari, hasa kwa mbwa mzee ambaye nusu kaputi ni hatari kwake. Lakini kipimwe kwa rula kila mwezi. Kuangalia bila kupima ni kusahau kwa heshima.

- Kikirudi baada ya kuvutwa maji, usilipie kuvutwa mara ya tatu na ya nne. Weka fedha hiyo kwenye kukikata na kukituma. Kwa kifuko cha kweli, kukikata chote ndiyo tiba yenyewe. Hakuna dawa wala mionzi baada ya hapo.

- Usikubali kitupwe kwenye ndoo. Najua maabara ni gharama ya ziada, na wengi huiruka wakisema "si kimeshatoka?" Kilichotoka bila kusomwa kimekuachia swali lile lile, tofauti ni kwamba sasa huna tena pa kulijibia.

- Kwa walioko nyumbani: madaktari wa mifugo wanaofundishwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, na Kabete kwa upande wa Kenya, wanasoma somo hili hili ninalolieleza. Ugumu mara nyingi uko kwenye umbali, si kwenye elimu. Na uzuri wa fomalini ni kwamba kipande kikishakolea vizuri kinastahimili safari. Mbwa mwenyewe hana haja ya kupanda basi.

Mabaharia niliowaachia tezi yao hapo juu wana msemo: uendapo tezi na omo, marejeo ni ngamani. Daktari anaweza kuanzia kwenye rangi, akaenda kwenye mkono, akaenda kwenye sindano, na safari zote hizo ni za lazima. Lakini kama swali ni kansa au si kansa, mwisho wa yote atarudi kwenye ukuta wa kile kifuko.

Mwenye swali, au mwenye jina bora la Kiswahili kwa hiki nilichokiita "kifuko", alete tulipime. Wataalamu wa lugha msituache solemba, sisi wa sayansi maneno yanatuishia mapema.

Wasalaam.